Zamu ya Kusema: Mambo 7 Niliyojifunza Nikilea Watoto wa Chekechea Rumonge

Mzazi wa Rumonge akimleta mtoto chekechea, swali lake hutangulia hata ada: Kifaransa wataanza lini? Namwelewa. Shule ya msingi Burundi huanza kwa Kirundi, kisha kuanzia mwaka wa 5 masomo huhamia Kifaransa, na hapo wengi hukwama. Tena tangu nchi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiingereza na Kiswahili navyo vimeingia darasani. Lugha 4 zinamngoja mtoto ambaye bado anafungiwa viatu. Lakini kulea watoto wa miaka 3 hadi 5 katika mji huu wa kando ya Ziwa Tanganyika kumenifundisha kutanguliza swali jingine: je, mtoto huyu anapata mtu mzima wa kuzungumza naye na kumsikiliza mpaka amalize?

1. Hakuna mtoto anayekuja bila lugha

Mtoto wa mitaa ya Waswahili mjini huja na Kiswahili. Wa huko juu kwenye michikichi huja na Kirundi. Wa Mutambara, kijiji walikopewa makazi watu waliorejea kutoka Tanzania, pengine amelelewa na bibi aliyezeekea huko, katika makazi ya wakimbizi ya Katumba au Ulyankulu. Familia nyingi za namna hiyo zilikimbia mauaji ya mwaka 1972 na zikaanza kurudi kwa wingi mwaka 2008. Wa kutoka Uvira au Baraka huja na Kiswahili cha Kongo. Ukiwapima wote kwa lugha moja, nusu yao utawaona watupu. Mimi huhesabu maneno ya mtoto ya lugha zake zote kwa pamoja. Mara nyingi yule aliyeonekana yuko nyuma hukutwa yuko sawa na wenzake.

2. Kimya si cha namna moja

Mtoto aliyeingia mahali ambapo lugha yake haisemwi anaweza kunyamaza wiki nyingi, hata miezi. Yuko kazini, anasikiliza. Usimsimamishe mbele ya wenzake aseme. Mpe kazi ya mikono: agawe vikombe, akusanye vizibo, ashike kamba wenzake wakiruka. Neno la kwanza humtoka mchezoni, na mara nyingi humwambia mtoto mwenzake kabla ya mwalimu.

Kimya kingine hakingojewi. Mtoto asiyesema hata nyumbani kwa lugha ya mama yake, asiyegeuka ukimwita kwa nyuma, au mwenye sikio linalotoa usaha, apelekwe kituo cha afya. Sikio linalouguaugua humpitishia mtoto maneno nusunusu katika miaka ile ile anayoyahitaji zaidi.

3. Kuchanganya kuna kanuni zake

"Nataka *amazi*," mtoto huniambia, Kiswahili na Kirundi katika pumzi moja. Wapo wanaosema amechanganyikiwa. Sikiliza tena: kitenzi kimekaa mahali pake na jina mahali pake. Makosa ya watoto nayo hayaji ovyo: Kamil Ud Deen, aliyechunguza watoto wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili na kuchapisha kitabu mwaka 2005, alionyesha kwamba wadogo hudondosha viambishi vya mwanzo, wakasema "takula" badala ya "nitakula". Irabu ya mwisho wa kitenzi, ile inayotenganisha "anakula" na "ale", hawaidondoshi. Kichwani mwa mtoto sarufi imeshaanza kazi zamani.

Kwa hiyo simwamrishi arudie. Namjibu: "Unataka maji? Ya kunywa au ya kunawa?" Amesikia sentensi iliyokamilika, na ana swali la kujibu.

4. Kuitikia pamoja hakutoshi

Watoto 60 wakiitikia "Bonjour, Madame!" kwa sauti moja, wageni hufurahi. Katika sauti hiyo asiyejua hufungua mdomo tu, na mwalimu hamgundui. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliona miaka ya 1970 kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kuingilia. Walimu waliposubiri sekunde 3, majibu yalirefuka, na watoto waliokuwa kimya wakaanza kujibu.

Sekunde 3 hazigharimu faranga. Kigumu ni wingi wa watoto. Sisi hukaa na kundi la watoto 5 au 6, huku wengine wakicheza na mchanga na chupa chini ya uangalizi wa mlezi mwenzetu, kisha tunabadilishana. Mtoto aliyezungumza dakika chache kwa zamu yake amefanya kazi ambayo asubuhi nzima ya kuitikia haimpi.

5. Zungumzeni juu ya anachokijua

Picha za ukutani zilizonunuliwa mbali zina tufaha, theluji na treni, katika nchi ambayo treni haijawahi kupita. Mtoto hukariri majina ya vitu hivyo na mazungumzo huishia hapo. Mwekee mbele ndagala, mukeke na kipande cha sangala, uone. Atakwambia yupi ana miba, yupi anakaushwa, mama anauza wapi, nani alidanganywa bei. Sasa anaeleza sababu, anapanga matukio, anabisha. Matunda ya mchikichi hufaa vilevile: kuhesabu, kupanga kwa ukubwa, kusimulia yanavyopikwa mpaka mafuta yatoke.

Hata mwezi una sehemu yake. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka sana taa haziwavuti, wavuvi hupumzika. Siku hizo akina baba wapo nyumbani, na watoto huja na habari za kusimulia. Ndizo siku zangu za kuwaalika akina baba waje kukaa nasi.

6. Bibi ni mwalimu

"*Sokwe!*" — "*Niruze!*" "Kitendawili!" — "Tega!" Michezo hii ya vitendawili, ya Kirundi na ya Kiswahili, inamfunza mtoto kungoja, kusikiliza, kukisia na kujibu. Bibi anayeijua hahitaji cheti kuja kuketi na watoto asubuhi moja. Mombasa, miaka ya 1980, chekechea za madrasa zilizosaidiwa na Mfuko wa Aga Khan zilianza kwa kuwafunza wanawake wa mitaa hiyo hiyo na kutumia vifaa vilivyopatikana pale pale. Baadaye mpango ukafika Zanzibar na Uganda. Watu wa mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika wanaweza kuuiga bila kungoja mfadhili ajenge ukumbi.

7. Kifaransa kina nafasi, lakini hakitangulii

Nyimbo na salamu za Kifaransa tunazifundisha, na watoto wanazipenda. Ila mtoto anayeweza kusimulia jambo kwa Kirundi au Kiswahili, likiwa na mwanzo, sababu na mwisho, akifika mwaka wa 5 hutafuta maneno mapya kwa mawazo aliyo nayo tayari. Aliyekaririshwa majina ya rangi tu atalazimika kutafuta yote mawili kwa pamoja, maneno na mawazo.

Basi mzazi, jioni ukimpokea mwanao, usimwombe akuhesabie kwa Kifaransa. Muulize: "Leo mligombania nini?" Umwachie muda. Akinyamaza, subiri. Akichanganya lugha, mjibu kama aliyesema sawasawa, kisha muulize jingine. Na mwalimu wake umuulize kila mwezi: mwanangu amekusimulia nini? Asipokuwa na la kujibu, hapo una haki ya kulalamikia ada yako.