Mzigo Unatoka Kariakoo, Fundi Yuko Wapi?

Nenda kwenye ofisi za mabasi ya Dar hapa Tabora wakati mizigo inashushwa, uangalie maboksi. Runinga zimezungushiwa sponji na solotepu, kuna sabufa, feni, birika za umeme, pasi, na simu ndani ya bahasha za kaki zilizoandikwa jina na namba kwa kalamu nene. Miaka si mingi iliyopita maboksi ya namna hii yalikuwa ya wenye maduka. Siku hizi wanaoyasubiri ni walimu, manesi, bodaboda na sisi wanafunzi, hasa wiki ile boom linapoingia. Kila boksi analolichukua mnunuzi mwenyewe ni boksi ambalo halikupita kwenye kaunta ya duka lolote la mjini kwetu.

Makala hii inahusu hiyo kaunta. Nasomea ualimu, si biashara, kwa hiyo swali langu litaishia kwenye elimu, lakini lazima tupite sokoni kwanza.

Wengi tunasema "maduka yameuawa na mtandao" kana kwamba kilichotokea hapa ni kile kile cha Ulaya na Marekani. Kule kweli maduka makubwa ya vifaa vya umeme yalianguka: Circuit City ya Marekani ilifunga maduka yake yote mwaka 2009, Comet ya Uingereza ikafuata mwishoni mwa 2012, na RadioShack ikaomba kufilisika Februari 2015. Yalikuwa na matatizo mengine pia, ila mteja wao alikuwa na mahali pengine pa kwenda: tovuti ya kampuni yenye maghala, anwani, na utaratibu wa kurudisha bidhaa. Kwetu kampuni ya sura hiyo ilikuja ikajaribu. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Kwa hiyo anayesema duka la Tabora limeuawa na kampuni kubwa za mtandaoni amemshitaki mtu ambaye hakuwepo eneo la tukio.

Aliyekuwepo ni winga. Kwa asiyemjua, winga ni yule kijana wa Kariakoo asiye na duka wala stoo, lakini anayajua maduka yote ya mtaa wake na bei zake. Zamani alimsindikiza mteja kutoka duka hadi duka. Sasa anapiga picha mzigo wa mwenzake, anaurusha kwenye Instagram na magrupu ya WhatsApp, anapokea oda, anaongeza cha juu chake, anakwenda kuuchukua, anaupeleka ofisi ya basi. Wewe unatumiwa picha ya risiti ya basi, na kesho yake unapigiwa simu, "Njoo uchukue mzigo wako."

Tuchukulie sabufa, kwa namba za mfano tu. Kariakoo bei ya jumla ni 100,000. Mwenye duka wa Tabora analipa hiyo, anaongeza usafiri 10,000, halafu humo humo anatakiwa apate pango la fremu, leseni, kodi, umeme na mshahara wa kijana wa dukani. Akiuza chini ya 145,000 anajidanganya. Winga anakupa kwa 110,000, unaongeza usafiri 10,000 na makato ya kutuma pesa. Umeokoa elfu ishirini na kitu. Kwa mwanafunzi hiyo ni chakula cha siku kadhaa, na sitamlaumu mtu yeyote aliyeiokoa. Na mimi naagiza.

Utaratibu huu haukushuka kutoka mbinguni. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na tangu hapo mtu wa Tabora anaweza kumlipa mtu wa Dar bila kumwona wala kupanga foleni benki. Simu janja ikashuka bei hadi kijana wa kawaida akamudu. Na barabara ya kupitia Manyoni na Itigi ikapata lami. Pesa inakwenda kwa dakika, picha inakuja kwa sekunde, mzigo unalala njiani usiku mmoja. Ondoa kimoja kati ya hivyo na winga anabaki kusindikiza wateja Kariakoo.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana mji huu una historia ndefu ya kuishi katikati. Burton na Speke walipofika Kaze, yaani Tabora yetu, Novemba 1857, baada ya safari ya zaidi ya miezi minne kutoka pwani, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wamekwishajenga, na Mhindi mmoja Khoja aliyetoka Surat, Musa Mzuri, akiwa miongoni mwa wakongwe wa njia. Bidhaa zilikuwa merikani kutoka viwanda vya Massachusetts, kaniki, shanga na waya za shaba nyeupe. Zilibadilishwa kwa pembe za ndovu na, tusifiche, kwa watu. Mtaji mwingi ulikuwa mkopo wa matajiri wa Kihindi wa Unguja kama Taria Topan. Thamani ya kitambaa ilipanda kadiri mpagazi alivyozidi kuiacha bahari nyuma. Yaani mtu wa katikati aliuza umbali. Tabora ilikuwa stoo kati ya Bagamoyo na Ujiji, na stoo inaishi kwa sababu kufika unakotaka ni mbali.

Hofu ya mzigo kutofika nayo ni ya zamani. Livingstone alirudi Ujiji Oktoba 1871 akiwa mgonjwa na amechoka, akitegemea bidhaa alizotumiwa kutoka Unguja. Aliyekabidhiwa msafara huo, mtu aliyeitwa Sherif, alikuwa ameshaziuza zote. Kwa maandishi ya Livingstone mwenyewe, hakukuta hata yadi moja ya kitambaa kati ya 3,000, wala uzi mmoja wa shanga kati ya ratili 700. Maelezo ya Sherif yalikuwa kwamba alipiga ramli akaambiwa mwenye mzigo amekufa. Siku chache baadaye Stanley ndiye aliyemwokoa kwa bidhaa zake. Kisha Livingstone akakaa Kwihara, hapo nje kidogo ya mji kwenye lile tembe ambalo sasa ni makumbusho, kuanzia Machi hadi Agosti 1872 akisubiri Stanley amtumie wapagazi na vitu kutoka pwani. Safari hiyo mzigo ulifika, kwa sababu aliyetuma alikuwa na jina la kulinda.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kazi ya upagazi kwenye njia kuu ilikwisha, na Wanyamwezi waliosifika pwani yote kwa kazi hiyo wakalazimika kutafuta nyingine. Lakini angalia: treni ilimwondoa aliyebeba, haikumwondoa aliyeuza. Bado alihitajika mtu wa kuagiza kwa wingi, kukopeshwa na tajiri wa Dar, kutunza, na kuuza kimoja kimoja. Hata wakati wa maduka ya RTC ya serikali, katikati palikuwa na mtu, ingawa sasa alikuwa na kibali na mhuri. Basi la usiku na simu janja ndivyo vimemfikia huyu wa pili.

Je, amekufa na nini? Hapa ndipo penye utamu wa somo, kwa maoni yangu, kwa sababu duka lilikuwa likifanya kazi nyingi zilizofichwa ndani ya bei moja. Ile elfu ishirini na kitu tuliyoiokoa kwenye sabufa ilikuwa inanunua vitu fulani.

Ilinunua kuwashiwa. Dukani boksi linafunguliwa mbele yako, linachomekwa, unasikia mziki, unaona chenga kwenye kioo kabla hujatoa hela. Likiharibika keshokutwa unarudi, na mwenye duka anakujua, anamjua na shangazi yako. Ilinunua pia kudunduliza. Muuguzi au mwalimu anaacha 20,000, mwezi ujao 30,000, jina lake limeandikwa kwenye daftari, na kitu chake kimewekwa juu ya rafu kikimsubiri. Mkulima wa tumbaku kutoka Sikonge au Urambo anachukua redio leo kwa ahadi ya kulipa akishauza. Winga hana daftari la namna hiyo. Yeye ni lipa kwanza. Kwa hiyo duka likifunga, mwenye hela taslimu na simu janja amepata nafuu, na mwenye kitochi anayelipa kidogo kidogo amefungiwa mlango. Hili hatulisemi sana kwa sababu sisi tuko upande wa kwanza.

Nilizungumza na mzee mmoja mwenye duka karibu na soko kuu. Baada ya shikamoo na marahaba aliniambia bila hasira, "Mjukuu wangu, kijana anaingia, ananiomba nimuwashie hii na ile, anauliza watti, anapiga picha. Anasema anakwenda kutoa hela kwa wakala. Wiki ijayo namwona amebeba boksi kama lile lile." Duka lake limekuwa darasa la bure la Kariakoo. Nusu ya fremu ameshaikodisha kwa wakala wa pesa, na wateja wa wakala ni wengi kuliko wake.

Sasa elimu. Mbele ya maduka mengi ya umeme hapa mjini kulikuwa na meza ya fundi. Mara nyingi fundi hakulipa pango. Alilipa kwa kutengeneza vitu vya waranti vya mwenye duka. Pembeni yake walikaa vijana wawili watatu, wengi wamemaliza kidato cha nne na matokeo hayakuwa mazuri. Mwanzoni wanapuliza vumbi na kufungua skrubu. Baadaye wanashikishwa testa, wanajifunza kuchomea waya kwa risasi, na mwisho kabisa ndipo wanaruhusiwa kusema ugonjwa wa kifaa ni nini.

Waliosoma nadharia za ujifunzaji watakuwa wamewakumbuka Jean Lave na Etienne Wenger na kitabu chao cha mwaka 1991. Lave alikuwa amewachunguza wanagenzi wa ushonaji Liberia: walianza na kupiga pasi na kushona vifungo, kazi ambayo ikiharibika hasara ni ndogo, na kukata kitambaa kulikuja mwisho. Hakuna aliyewapa muhtasari wala andalio la somo. Ngazi ilikuwa ndani ya kazi yenyewe. Tunaifundishwa nadharia hiyo kwa mfano wa Liberia wakati mfano wake uko mita chache kutoka soko letu, na unapungua. Meza ya fundi inakula mabaki ya kaunta. Duka likifunga, fundi analipa pango mwenyewe au anahamia nyumbani, na nyumbani hapiti mtu na redio yake, kwa hiyo kijana hana cha kufungua. VETA wanafundisha umeme, tena wana utaratibu mzuri wa kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunzia mtaani. Lakini urasimishaji unahitaji kuwepo kwanza mtaa uliomfundisha. Na fundi akipungua, sabufa yetu ya bei nafuu ikiungua haitengenezwi. Inatupwa, tunaagiza nyingine, na elfu ishirini zetu zimerudi Kariakoo.

Sitetei bei za zamani. Kuna maduka yalituuzia chaja feki kwa bei ya orijino na kutuandikia kwenye risiti "mali ikiuzwa hairudishwi". Wengine wamevuna walichopanda, na sioni sababu ya kuwalilia wote.

Kwa anayeendelea kuagiza, na tutaendelea, yako mambo ya kufanya. Simu ikifika bonyeza *#06#, chukua namba ya IMEI na uitume kwenda 15090 uone kama inalingana na simu uliyoshika. Wenye kumbukumbu wanajua kuwa Juni 2016 TCRA ilizizima simu feki nchi nzima, na waliolia ni walionunua, siyo waliouza. Dai risiti ya EFD. Winga akisema haipo, ujue duka alilochukulia wewe halikujui na siku ya kurudisha hutakuwa na pa kushika. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia hii amweleze mteja jina lake kamili na anwani yake. Akaunti yenye wafuasi wengi na jina la utani siyo anwani.

Wenye maduka nao wameanza kutafuta njia. Wapo wanaokuagizia wenyewe kwa bei inayokaribia ya winga, kwa kuwa wanamjua mwenye stoo, na wewe unalipa nusu hadi uione inawaka. Naamini hao watabaki, kwa sababu wanauza jina lao, kitu ambacho umbali ukifutika bado kina bei. Reli ya SGR inayojengwa kuja huku itakapoanza kazi, mzigo utawahi zaidi na kuishi kwa tofauti ya bei peke yake kutakuwa kugumu zaidi ya sasa.

Yule mzee wa karibu na soko ameniambia mwezi huu fundi wake ameanza kutoza 2,000 kukagua kifaa kilichonunuliwa kwingine: anakifungua, anakipima mbele ya mwenyewe, na kijana mmoja anayejifunza anaandika majibu kwenye daftari lile lile la madeni, upande wa nyuma. Wanafunzi wanalalamika kuwa ni ghali. Mimi naona amechelewa kuanza.