Mwembe Hufa Kuanzia Chini

Miembe mikubwa ya Kasongo, huku kwetu Maniema, haikujiotea. Asili ya mwembe ni upande wa Bara Hindi. Ulifika pwani ya Afrika Mashariki kwa jahazi, ukaingia bara pamoja na misafara ya Zanzibar na Bagamoyo iliyopita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikashika njia ya Kabambare kuelekea mto Lualaba. Katika karne ya 19 Kasongo ya zamani, ile ya Tongoni, ilikuwa mji wa mfanyabiashara Tippu Tip na watu wake. Wazungu walioiteka mwaka 1893 waliandika juu ya mashamba yake ya mpunga na bustani za machungwa, mapera na mananasi. Bustani hizo zililimwa kwa mikono ya watumwa, na sisi tunaokaa kivulini leo tusilisahau jambo hilo. Walipoondoka mabwana wale, miti ilibaki, na watu wa huku wakaendelea kuipanda uani, kanisani, msikitini, na zaidi shuleni.

Miti hiyo ya shule ndiyo ninayotaka kuiongelea, kuanzia Kasongo mpaka Wamaza na Kabambare, kwa kuwa mingi inanyauka pasipo mtu kuigusa kwa shoka. Matawi ya juu yanakauka, majani yanakuwa madogo, embe zinapungua. Watu husema mti umezeeka. Lakini mwembe ukitunzwa unaweza kuzidi miaka 100, kwa hiyo uzee pekee si jibu.

Tuanze na swali ambalo mtoto wa darasa la tatu anaweza kuliuliza: mwembe unakula nini? Wengi tutajibu kwamba unakula udongo. Jan Baptist van Helmont, mganga wa nchi tunayoiita sasa Ubelgiji, alilipeleka jibu hilo kwenye mizani. Alikausha udongo, akapima paundi 200, akautia ndani ya chombo na kupanda mche wenye uzito wa paundi 5. Kwa miaka 5 aliumwagilia maji tu. Mwishoni mti ulikuwa umefikia paundi 169, nao udongo, ulipokaushwa na kupimwa tena, ulikuwa umepungua aunsi 2 hivi, yaani kama gramu 57. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1648, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Alikata shauri kwamba mti wote umetoka kwenye maji, na hapo alipata nusu tu. Nusu ya pili ni hewa. Jani lina matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Humo huingia kabonidayoksaidi, ile hewa tunayoitoa tunapopumua. Jani huiunganisha na maji yaliyopanda kutoka mizizini, kwa nguvu za jua, na kutengeneza sukari. Shina, matawi, magome, embe, hata kokwa, vyote vimejengwa kwa sukari hiyo. Udongo huongeza chumvichumvi kidogo tu, ingawa bila hizo mti hauendi.

Sasa fikiria mzizi. Uko gizani, hauwezi kujitengenezea sukari, kwa hiyo unalishwa na majani. Na majani hayana maji ila yale yanayoletwa na mizizi. Kila upande unamtegemea mwenzake, na kati yao kuna njia mbili. Maji hupanda kupitia mbao changa za shina. Sukari hushuka kupitia gome la ndani, tabaka jembamba lenye unyevu ambalo kisu kinalipita kwa pigo moja.

Hapo ndipo panapoanzia maafa mengi. Magome ya mwembe yanajulikana kama dawa ya kuhara, na mti ulio karibu na njia huchunwa na kila mpita njia. Ukichuna kipande kirefu na chembamba upande mmoja, mti utaziba kidonda. Ukichuna kuzunguka shina lote, umeukatia njia ya chakula. Ubaya wake ni kwamba mti hauoneshi dalili mara moja. Maji bado yanapanda, majani yanabaki kijani kwa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, huku mizizi ikila akiba yake. Akiba ikiisha, mizizi inakufa, na majani yanafuata. Kufikia siku hiyo aliyechuna amekwisha sahaulika, na lawama inaangukia kiangazi au uchawi.

Huhitaji kuuua mwembe ili kuona jambo hili. Nenda kwenye kengele ya shule. Shule nyingi hutumia ringi ya gari iliyoning'inizwa kwenye tawi kwa waya. Kama waya umekaa miaka, utazame vizuri: umezama ndani ya gome, na tawi limevimba upande ule unaoelekea majani, huku upande wa pili umebaki mwembamba. Sukari ilikuwa inashuka, ikakuta waya, ikarundikana. Mtaalamu wa Italia, Marcello Malpighi, aliuona uvimbe wa namna hiyo katika karne ya 17 alipochuna magome kwa duara. Mwalimu anayo maabara yake juu ya kichwa kila asubuhi inapogongwa kengele. Akimaliza somo, aukate waya ule na kutumia ukanda mpana wa mpira wa tairi, ambao atausogeza kila mwaka.

Lakini kisu na waya vinaua miti michache ukilinganisha na miguu na ufagio.

Mzizi unapumua. Unachoma sukari iliyoshuka kutoka majanini, na kwa kazi hiyo unahitaji oksijeni, kama mnyama. Oksijeni hiyo inatoka wapi chini ya ardhi? Udongo mzuri ni nusu tu kitu kigumu. Nusu nyingine ni nafasi tupu, kubwa na ndogo, zenye hewa na maji. Mizizi mingi inayolisha mti haiko mbali chini. Imetandaa katika sentimeta 60 za juu, tena inapita mbali kuliko kivuli cha matawi. Wanafunzi mia kadhaa wakipita hapo kila siku, pamoja na pikipiki zinazoegeshwa kivulini, zile nafasi kubwa zinasagika. Zinabaki ndogo, ambazo mvua ikinyesha hujaa maji na kukaa nayo. Na ndani ya maji oksijeni hupenya polepole mara 10,000 kuliko ndani ya hewa. Mzizi unakosa pumzi hata kama maji yapo tele.

Ufagio unaingia hapo. Kila asubuhi watoto hufagia ua mpaka chini ya mwembe hakubaki jani. Najua kwa nini. Ua safi ni heshima ya shule, na direkta hataki mgeni akute takataka. Lakini yale majani makavu yalikuwa na kazi. Wadudu, kuvu na minyoo huyala, na katika kuyala wanatoboa udongo na kuurudishia zile chumvichumvi. Ukiyaondoa, watoboaji wanaondoka, na ardhi inabaki wazi mbele ya mvua.

Tena mvua ya chini ya mti ina ukali ambao wengi hawaufikirii. Tunaona mti kama mwavuli unaozuia tone. Kwa dakika za kwanza ni kweli. Baadaye majani yakishalowa, maji hujikusanya kwenye ncha za majani na kudondoka yakiwa matone makubwa, mara nyingi makubwa kuliko yale ya mvua yenyewe. Tone la milimeta 5 likianguka kutoka mita 8 au zaidi linakaribia mwendo wa mita 9 kwa sekunde. Likikuta majani makavu linavunjika na kunyonywa. Likikuta udongo mtupu linautawanya, vumbi laini linaziba vitundu vilivyobaki, na maji yanakimbia juu juu. Kwa hiyo chini ya mti mrefu uliofagiliwa mmomonyoko unaweza kuzidi ule wa uwanja wa wazi. Ile mizizi iliyochomoza nje na watoto wanaikalia haikupanda juu. Udongo ndio ulioshuka, ukaenda mtaroni, na mtaro ukazidi kupanuka kuelekea avenyu.

Hili nalo linapimika kwa vitu vya nyumbani. Chukua mkebe wa nyanya, ukate chini na juu ubaki mdomo pande zote. Uugandamize udongoni kiasi cha vidole viwili, mimina kikombe cha maji, na watoto wahesabu kwa sauti mpaka maji yaishe. Wafanye mahali panapofagiliwa, kisha wafanye mahali ambapo majani yamelala miaka mingi, kwa mfano pembeni ya uzio. Waandike namba zote mbili ubaoni. Sijui somo la sayansi lenye nguvu kuliko hilo, wala halihitaji umeme.

Maji yanayoingia udongoni ndiyo yanayopoza mji. Funga mfuko wa plastiki unaoonesha ndani kwenye tawi lenye majani asubuhi ya jua. Saa sita utakuta maji ndani yake. Jani linatoa mvuke, na kugeuza maji kuwa mvuke kunakula joto jingi: lita moja hunyonya zaidi ya mara 7 ya joto linalohitajika kuifikisha lita hiyo hiyo kwenye kuchemka. Mama anayenunua makala kwa gunia anajua kuchemsha maji ni gharama gani. Mti mkubwa wenye maji ya kutosha unaweza kutoa lita 100 kwa siku, na joto hilo lote linaondoka hewani karibu na mabati ya darasa. Mwembe wenye kiu hufunga matundu yake na kuiacha kazi hiyo.

Mwishoni mwa mwaka 2019 serikali yetu ilitangaza mpango wa kupanda miti bilioni 1 kufikia 2023, na shule zikawekwa katikati ya mpango huo. Kuwaweka watoto mbele ni sawa kabisa. Ninachopinga ni kuhesabu miche siku ya kupandwa. Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement nchini Kenya mwaka 1977 na kupata tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2004, aliwalipa kina mama kwa mche uliopona, si kwa mche uliochimbiwa shimo. Huku kwetu sababu ya kufanya hivyo ni kubwa zaidi. Kiangazi cha Maniema ya kusini huanguka kati ya Juni na Agosti, na likizo kubwa ni Julai na Agosti. Mche uliopandwa Oktoba kwa shangwe unakutana na ukame wake wa kwanza wakati shule imefungwa na hakuna wa kuumwagilia.

Kwa hiyo salongo ya shule, yaani kazi ya pamoja, naipanga hivi. Kwanza mti mkubwa uliopo, kwa sababu majani yake yanazidi yale ya miche mingi kwa miaka mingi ijayo. Uwekewe duara la matofali hatua tatu kutoka shinani, na majani yanayofagiliwa yamwagwe ndani, kina cha kiganja, bila kugusa gome. Wazazi watasema majani yanaficha nyoka, na hofu hiyo ni ya haki: watoto wasicheze ndani ya duara, na nyasi ndefu na kuni zisirundikwe hapo. Pikipiki ziegeshwe kwingine. Kila mwaka wanafunzi wazungushe kamba kwenye shina, mita 1.3 kutoka chini, na kuandika kipimo katika daftari la shule. Kipimo kikisimama miaka miwili, huenda kuna tatizo mizizini hata kama majani bado ni kijani.

Miche ije baada ya hapo, tena michache. Kila mmoja ukabidhiwe kwa watoto wawili au watatu wanaokaa kartie ya karibu, wenye ndoo, watakaokuja Julai na Agosti jioni mara mbili kwa wiki. Hesabu ifanywe Septemba, wiki ya kwanza ya masomo, mbele ya wazazi, na namba itakayotangazwa iwe ya miche iliyo hai.