Sabuni na Maji ya Kufulia

Wasomaji wetu watuwie radhi ikiwa leo twaandika habari ya jambo lifanywalo uani kila juma, ambalo waume wengi hudhani halistahili kuandikwa gazetini. Lakini fedha itokayo katika kila nyumba kwa ajili ya sabuni, kidogo kidogo mwaka mzima, si haba; na zaidi ya fedha kuna heshima ya mtu, na ngozi za watoto, na mara nyingine hata uhai. Nasi tumeona ugomvi ukiingia katika nyumba njema kwa sababu ya kanzu tu.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Katika kijiji kimoja cha pwani, ambacho visima vyake vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, kijana mmoja alioa mke kutoka Mwanza. Bibi huyo alilelewa na mama aliyefua kwa sabuni ya mche tangu ujana wake, wala hakutaka kusikia habari ya sabuni ya unga. Alipofika kwa mumewe akashika desturi ile ile. Baada ya miezi michache kanzu za mume zikaanza kupoteza weupe wake, zikawa kama zimepakwa majivu, na zikishikwa ni ngumu mkononi. Siku moja dada yake mume akamwambia kisimani, mbele ya wanawake wenziwe: "Wifi, kanzu za kaka yangu zatutia haya msikitini. Huku kwetu twafua kwa sabuni ya unga."

Yule bibi akajibu kwa upole, ila machozi yalikuwa karibu: "Wifi, kwetu mche mmoja ulitosha nguo za nyumba nzima, na nguo zikitakata. Huku nasugua hata vidole vyachubuka, na povu silioni. Mimi si mvivu, wifi yangu."

Sisi tulikuwa wageni katika nyumba hiyo, na mzee wa nyumba akatuomba tuseme nani mwenye haki. Tukaomba chupa mbili nyeupe zilizo sawa, zenye vifuniko. Ya kwanza tukaitia maji ya kisima hata nusu, na ya pili maji ya mvua kiasi kile kile, yaliyokingwa katika pipa. Kisha tukaparuza sabuni ya mche kwa kisu, tukatia kijiko kimoja kidogo katika kila chupa, tukazitikisa pamoja mpaka tulipohesabu ishirini. Chupa ya maji ya mvua ikajaa povu hata shingoni. Ile ya maji ya kisima haikutoa povu ila kidogo sana. Maji yake yaligeuka kama maziwa yaliyoganda, na juu yake ukaelea utando mweupe. Walimu waweza kuwaonyesha watoto jambo hili darasani kwa senti chache, nao hawatalisahau.

Maana yake ni hii. Maji ya mvua hayana kitu ndani yake ila kidogo sana, nayo huitwa maji laini. Lakini maji yapitayo katika matumbawe au mawe ya chokaa huyeyusha chokaa ile na kuichukua, ingawa kwa macho ni maangavu kabisa. Haya huitwa maji magumu. Sabuni ya mche hufanywa kwa mafuta, kama ya mawese au ya nazi au shahamu ya wanyama, yaliyopikwa pamoja na magadi makali. Sabuni hiyo ikikutana na chokaa iliyomo majini hushikamana nayo, zikawa kitu kipya kisichoyeyuka. Ndio ule utando mweupe. Basi, mwenye kufua kwa maji magumu hulisha chokaa sabuni yake kwanza, na mpaka chokaa yote iishe ndipo sabuni huanza kazi ya nguo. Na ule utando hauendi zake. Hunasa katika nyuzi, ukashika uchafu, na kanzu ikawa rangi ya majivu.

Maji ya Ziwa Viktoria ni laini, kwa kuwa yana chokaa kidogo sana. Kwa hiyo mama yule wa Mwanza hakukosea hata kidogo kupenda mche wake, wala wifi wa pwani hakukosea kupenda unga. Kila mmoja alichagua sabuni iliyofaa maji ya kwao, bila kujua kwamba ni maji ndiyo yaliyomchagulia. Tulipoyasema hayo pale uani, mzee alicheka, akasema kumbe ugomvi wote ni wa kisima.

Sasa sabuni ya unga ina nini hata isishindwe na chokaa? Nyingi za sabuni hizo si sabuni kwa asili yake. Wakati wa vita vile vya mwaka 1914 hata 1918, Wajerumani walipungukiwa na mafuta, na wataalamu wao wakatafuta kitu cha kuondoa uchafu kisichofanywa kwa mafuta ya kula. Walichokipata kiliendelezwa na wengine, na mwaka 1946 katika Marekani ilianza kuuzwa Tide, ambayo ilifanya kazi vizuri hata katika maji magumu. Tangu hapo sabuni za namna hiyo zimeenea ulimwenguni kote. Hazishikamani na chokaa kama ifanyavyo sabuni ya mafuta, tena viwanda hutia ndani yake vitu vya kuifunga chokaa hiyo. Kwa mwenye kisima cha matumbawe, basi, unga waweza kuwa rahisi kuliko mche, hata kama bei yake dukani ni kubwa zaidi.

Lakini asije mtu akadhani kwamba unga wenye povu jingi ndio ulio bora. Hili ni kosa la wengi, na twakiri kwamba sisi wenyewe tulikuwa nalo. Povu ni hewa iliyofungwa, haliondoi uchafu. Zile sabuni zilizofanywa kwa ajili ya mashine za kufulia hutengenezwa zisitoe povu jingi, nazo husafisha sawasawa. Wenye viwanda wajua kwamba mnunuzi hutazama povu, basi humpa povu. Na povu likizidi, maji ya kusuuza nayo huzidi. Na katika nchi ambayo mtoto wa kike hubeba kila ndoo kichwani, hilo si jambo dogo. Unga usiosuuzwa vema, hasa wenye manukato makali, hubaki katika nguo na kuwawasha watoto wachanga. Mtoto akitoka vipele shingoni na kiunoni, palipobanwa na nguo, mama na ajaribu kupunguza kipimo cha unga na kuongeza suuzo moja, kabla ya kutupa fedha kwa marashi ya dawa.

Kwa wale wapendao mche hata hivyo, nao wana haki yao, kuna njia. Kingeni maji ya mvua kwa ajili ya nguo nyeupe. Kuyachemsha maji magumu pia hutoa sehemu ya chokaa, ambayo hubaki chini ya sufuria kama ukoko, ila kuni ni ghali. Iliyo rahisi zaidi ni magadi. Kijiko kimoja cha magadi safi katika ndoo, maji yakaachwa yatulie kabla ya kutiwa sabuni, huifanya chokaa ishuke chini. Magadi haya huchimbwa tangu zamani katika Ziwa Magadi la Kenya, ambako kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911. Ila yasitumiwe kwa sufu wala hariri, kwani huziharibu. Na yale ya sokoni yenye udongo hutia rangi nguo, basi yayeyushwe kwanza na kuchujwa. Na mche wenyewe usitumiwe ungali mbichi. Ukatwe vipande, vianikwe kivulini majuma kadha hata vikauke, maana sabuni iliyokauka haiyeyuki ovyo mkononi.

Wazee wetu walikuwa na maarifa yao. Sabuni ilipoadimika walifua kwa majani ya mpapai, na vijana wengine huona ni ushamba. Hasha! Ndani ya utomvu wa mpapai mna kimeng'enya, yaani kitu kikatacho nyama-nyama za damu, jasho na maziwa vipande vidogo vidogo. Ndiyo sababu wapishi hufunika nyama ngumu kwa jani lake. Mwaka 1913 Mjerumani Otto Röhm alipata hati ya kumiliki njia ya kutumia vimeng'enya vya wanyama katika kufua, na leo unga mwingi wa dukani una vimeng'enya vilivyokuzwa viwandani. Vitu hivi hufa kwa moto. Basi mwenye kutia unga huo katika maji yanayochemka hupoteza nguvu aliyoinunua. Na doa la damu lisipelekwe kamwe katika maji ya moto kwanza, kwani hupikika likashika kama yai katika kikaango. Liloweshwe katika maji ya baridi.

Twende sasa kwa vile vinavyotiwa baada ya sabuni. Buluu haisafishi kitu. Nguo nyeupe ikikaa huwa na umanjano kidogo, na buluu huufunika umanjano huo, jicho likaona weupe. Buluu ya kufulia ni vumbi lisiloyeyuka. Kwa hiyo ifungwe kitambaani na kutikiswa katika maji ya mwisho, na nguo isiachwe imelala ndani, ama itatoka na mabaka. Ikizidi, suuza nguo kwa maji yenye siki kidogo au ndimu, nayo itapungua. Sabuni nyingi za unga za siku hizi zina kitu kingine ambacho hupokea mwanga wa jua usioonekana na kuutoa tena kuwa mwanga wa buluu, basi mwenye unga huo hana haja sana ya buluu. Kanji ya muhogo yafaa kwa kola na kanzu za sikukuu, wala hatuna la kuongeza juu yake, ila mende huipenda.

Tufikapo kwenye jiki twaomba machifu na wazee wa vijiji wasome kwa sauti mahali watu wakutanapo. Jina hili ni la kampuni moja, lakini watu huliita kila maji ya kung'arisha nguo yenye klorini. Maji haya huondoa madoa kwa nguvu, na nguvu hiyo hiyo hula uzi wa pamba kidogo kidogo; kanzu itiwayo jiki kila juma itachanika begani kabla ya wakati wake. Khanga na vitambaa vya rangi visiikaribie. Hayo ni hasara ya nguo tu. Lakini jiki ikichanganywa na siki au ndimu, au na dawa ya choo yenye asidi, hutoa hewa ya sumu ibanayo kifua. Na ikimiminwa katika ndoo ya nepi zenye mkojo mkali, hutoa hewa mbaya vilevile, kwa sababu ya amonia iliyomo katika mkojo uliolala. Nepi zisuuzwe kwa maji matupu kwanza, mara mbili. Mwenye kuona macho yanamwasha na kifua kinambana atoke nje mara moja, asijaribu kumaliza kazi.

Tena kuna desturi ya kununua jiki ya kupimiwa dukani, mtu akaenda na chupa tupu ya soda. Twaipinga desturi hii kwa moyo wetu wote. Mtoto mwenye kiu aonapo chupa ya soda haulizi. Tunamjua mtoto wa miaka mitatu aliyekunywa mafunda mawili hivyo. Alipona, baada ya siku nyingi hospitalini, na mama yake hata leo hawezi kuiona chupa ile bila kutetemeka. Jiki ikae katika chupa yake yenyewe yenye maandishi, juu kabisa, mahali pa kivuli, kwani joto na jua huiondolea nguvu. Na mtoto akiinywa asilazimishwe kutapika. Asuuzwe kinywa na kupelekwa kwa mganga wa hospitali upesi.

Dawa za kulainisha nguo zimeanza kufika hata vijijini. Zanukia vizuri, ila huacha utando juu ya nyuzi, na taulo au nepi iliyotiwa dawa hiyo hainyonyi maji kama kwanza.

Kuhusu maji machafu, yasimwagwe ziwani wala mtoni. Sabuni za zamani zilikuwa na fosfati nyingi, ambayo ni mbolea ya mimea ya majini. Maziwa ya Marekani yalijaa ukijani kwa sababu ya mbolea ya namna hiyo, na Umoja wa Ulaya uliipunguza sana katika sabuni za nyumbani tangu mwaka 1013 ukiongeza elfu moja, yaani 2013. Mfuaji na achote maji, aende mbali na ukingo, na kumwaga penye udongo.

Nguo zianikwe juu ya kamba, si juu ya majani. Kuna inzi atagaye mayai katika nguo mbichi, hasa zilizoanikwa chini au kivulini, na funza wake huingia katika ngozi ya mvaaji. Pasi ya moto, ikipitishwa vema katika mishono, huyaua mayai hayo.

Habari za wale mawifi tulizipata baadaye kwa barua ya mzee. Bibi wa Mwanza amewekewa pipa la kukingia maji chini ya paa la bati, nalo ni la kanzu tu. Nguo za kila siku hufua kwa unga, na wifi yake ndiye aliyemfundisha kipimo.