Moyo Ukipoteza Mwendo Wake

Wanafunzi wenzangu, nanyi mliotutangulia katika shule hii, nataka kuwaeleza jinsi moyo unavyoweza kumpooza mtu mkono na mguu. Kiharusi twakijua sote. Mtu amelala mzima, asubuhi uso umepinda upande mmoja, mkono umelegea, na maneno hayatoki sawasawa. Babu yangu mzaa mama alipatwa hivyo, na kijijini walikwisha kumtaja jirani kuwa ndiye aliyemroga, kabla ya mtu yeyote kumshika babu mkono na kusikiliza mapigo yake. Jirani huyo ilimbidi ahame.

Moyo una vyumba vinne. Viwili vya juu hujikaza kwanza na kusukuma damu chini, ndipo viwili vya chini huipeleka mwilini. Lakini kwa watu wengine vile vya juu huacha kujikaza, vikawa vinatetemeka tu. Damu hutuama pembeni kama maji ya mto kando ya ukingo, nayo damu iliyotuama huganda. Bonge likitoka hapo hupanda hadi ubongoni na kuziba mshipa, na sehemu iliyokosa damu hufa. Si kila kiharusi hutoka moyoni. Vingi huletwa na presha ya damu.

Waganga walishuku mambo haya zamani, lakini kushuku si kupima. Mwaka 1948, katika mji wa Framingham huko Marekani, ulianza uchunguzi wa watu 5,209, waume kwa wake, waliokubali kupimwa kila baada ya miaka miwili. Wengi wao hawakuwa wagonjwa. Mimi hilo nalistaajabia kuliko dawa zote: mtu mzima kwenda kupimwa miaka nenda miaka rudi ili wengine wapate kujua! Mwaka 1978, baada ya kuwafuata kwa miaka 24, wataalamu walitoa hesabu. Mwenye moyo wa kutetemeka hupatwa na kiharusi zaidi ya mara 5 kuliko mwenzake. Na kama moyo huo uliharibiwa na homa ya baridi yabisi, mara 17.

Basi wazee wetu na tuwashike mkono. Weka vidole viwili chini ya kidole gumba chake, usikilize kwa dakika nzima. Mapigo yakiwa hayana mpango, moja, kisha mawili ya haraka, kisha kimya, apelekwe hospitali apimwe moyo. Iko dawa ya kuzuia damu isigande, warfarini. Mwaka 2022 ilitangazwa habari ya uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 4,500 wa nchi 24, wenye moyo ulioharibiwa na baridi yabisi. Ilitazamiwa kwamba dawa mpya, isiyohitaji kupima damu mara kwa mara, ingefaa kama ile ya zamani. Haikuwa hivyo. Waliomeza ya zamani walikufa wachache zaidi.

Ile hesabu ya 17 yatuhusu sana sisi wa Uganda. Mtoto huumwa koo, asitibiwe. Mwili wake, katika kupigana na vijidudu, huenda ukaushambulia moyo wenyewe na kuharibu vilango vyake. Huko Gulu, kaskazini ya nchi yetu, watoto na vijana 102,200 walipimwa kwa mashine inayoonyesha moyo. Kati ya waliokutwa na dalili za mwanzo, 818 waligawanywa makundi mawili: moja lilichomwa penisilini kila baada ya majuma manne kwa miaka miwili, la pili halikuchomwa. Majibu yalitoka mwaka 2021. Katika kundi la sindano ugonjwa ulizidi kwa watoto 3, katika lile la pili kwa 33. Sindano hiyo inauma sana, lakini kati ya wale 818, watoto 799 walifika mwisho wa uchunguzi.