SINDANO YA KUZIBA MISHIPA YA MIGUUNI NA HATARI YA DAMU KUGANDA

Na Tabibu Wetu, Morogoro



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W).

Ndugu msomaji, somo letu la wiki hii linatokana na swali tunaloulizwa mara kwa mara na akina mama wa sokoni, walimu, mafundi cherehani na wapishi wa mji wetu wa Morogoro. Wanasema: "Nina mishipa ya bluu iliyovimba mguuni. Nimeambiwa Dar es Salaam ipo sindano ya kuiondoa. Wengine wananitisha kwamba sindano hiyo inagandisha damu na mtu anakufa. Nifanye nini?"

Jibu kwa ufupi ni kwamba sindano hiyo ni tiba ya kweli, na damu kuganda vibaya baada yake hutokea kwa watu wachache. Lakini hao wachache wanaweza kupoteza maisha kwa kukosa kuzijua dalili. Kwa hiyo inatupasa kuijua tiba yenyewe, kujua nani asubiri, na kujua dalili za kukimbilia hospitali.

MISHIPA HUVIMBA KWA SABABU GANI?

Mwili una mishipa ya aina kuu mbili. Ateri hupeleka damu kutoka kwenye moyo, na vena huirudisha. Damu ya miguuni ina kazi ngumu, kwani inatakiwa kupanda juu. Ndani ya vena za miguu Allah (S.W) ameweka vilango vidogo vinavyoruhusu damu kupanda na kuizuia isirudi chini. Mfano wake ni utingo wa gari la mizigo katika mlima wa Mgeta. Gari likisogea mbele kidogo, naye huweka jiwe nyuma ya gurudumu lisirudi.

Nguvu ya kusukuma damu hiyo inatoka kwenye misuli ya shavu la mguu, yaani kigimbi. Ukitembea, misuli hubana vena na damu hupanda. Ukisimama mahali pamoja au ukikaa muda mrefu, msukumo huo hupungua, damu hulundikana na vena hutanuka. Vilango vikishindwa kufunga, mshipa huvimba na kujipinda.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Mama anayeteremka kutoka Towelo au Kinole na ndizi zake, kisha akapanda tena mlima jioni, anakitumia kigimbi chake vizuri. Kinachomuumiza zaidi ni zile saa nane au tisa anazosimama nyuma ya meza ya biashara. Mambo mengine yanayochangia ni urithi wa familia, umri, unene na mimba.

Ipo pia mishipa myembamba sana, myekundu au ya zambarau, iliyotandaa kama utando wa buibui. Hiyo kwa kawaida haina madhara makubwa, na wengi huitibu kwa ajili ya mwonekano tu.

SINDANO HIYO INAFANYA NINI?

Daktari huingiza ndani ya mshipa mbovu dawa ya maji au ya povu. Dawa zinazotumika sana ni polidokanoli na sodiamu tetradesili. Dawa huunguza utando wa ndani wa mshipa, kuta zake zikashikana, mshipa ukaziba na baadaye ukanywea. Damu hupita katika mishipa mingine iliyo mizima.

Baada ya sindano, mshipa uliodungwa unaweza kuwa mgumu kama kamba, ukauma kidogo na ngozi ikabadilika rangi. Hiyo mara nyingi ni damu kidogo iliyonaswa katika mshipa wa juu, chini tu ya ngozi. Mwonyeshe daktari wako siku ya kurudi, lakini usifadhaike.

Hatari ni damu kuganda katika vena za ndani, zile kubwa zilizo katikati ya misuli. Bonge likijengeka humo, kipande chake kinaweza kukatika, kikapanda hadi kwenye moyo na kwenda kuziba mishipa ya mapafu. Ripoti nyingi za madaktari zinaonesha kwamba damu kuganda katika vena za ndani baada ya sindano hizi hutokea kwa chini ya mgonjwa 1 kati ya 100. Kwa mishipa ya utando wa buibui hatari ni ndogo zaidi, na kwa mishipa mikubwa inayotibiwa kwa povu jingi huongezeka.

NI NANI ASUBIRI AU ASIDUNGWE?

Tangu mwaka 1856 daktari Rudolf Virchow wa Ujerumani alieleza mambo yanayosababisha damu kuganda ndani ya mshipa. Mambo hayo mpaka leo yanafundishwa kuwa ni matatu: damu kutembea polepole, ukuta wa mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda. Sindano tayari imeleta jambo la pili. Kwa hiyo asiongezewe mengine mawili. Mweleze daktari kabla ya kudungwa kama:

(i) Umewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu, wewe au ndugu yako wa damu.

(ii) Una mimba au umejifungua karibuni. Mishipa ya mimba mara nyingi hupungua yenyewe miezi kadhaa baada ya kujifungua. Subiri.

(iii) Unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni.

(iv) Una saratani, umefanyiwa upasuaji karibuni, au huwezi kutembea.

(v) Una homa kali, kidonda chenye usaha mguuni, au mzio wa dawa hiyo.

Kabla ya sindano ya mishipa mikubwa, mguu upimwe kwa ultrasaundi ya Doppler. Sababu ni kwamba wakati mwingine vena ya ndani imeziba, na ile iliyovimba nje ndiyo njia pekee iliyobaki kwa damu kupita. Ukiiziba nayo, umeongeza tatizo. Yeyote anayetaka kukudunga mshipa mkubwa kwenye chumba cha nyuma ya duka la dawa, bila kipimo na bila kukuuliza maswali haya, ondoka.

BAADA YA SINDANO

Tembea mara moja, dakika 10 hadi 30 kabla ya kuondoka hospitali, na kila siku baada ya hapo. Vaa soksi za kubana au bendeji kwa muda ulioelekezwa. Usilale kitandani mchana kutwa kwa kudhani unaupumzisha mguu.

Suala la safari ni muhimu kwetu sisi wa Morogoro. Kutoka Dar es Salaam mpaka Msamvu ni karibu kilomita 190, na foleni ikiwapo mtu anaweza kukaa kwenye basi saa nne na zaidi magoti yakiwa yamekunjwa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2007 ilieleza kwamba safari ya kukaa saa nne au zaidi huongeza hatari ya damu kuganda takriban mara mbili, ingawa kwa mtu mzima wa afya hatari hiyo bado ni ndogo, karibu mtu 1 kati ya 6,000. Kwa aliyetoka kudungwa, hilo si jambo la kupuuza. Ukiweza, lala kwa jamaa Dar es Salaam, urudi siku ambayo daktari ameridhia. Treni ya umeme iliyoanza safari za Morogoro mwezi Juni 2024 ina nafuu, kwani ni ya muda mfupi na unaweza kusimama na kutembea ndani. Ukipanda basi, chezesha nyayo juu na chini kila mara, kunywa maji, na kila gari linaposimama shuka utembee. Mwenye nia ya kwenda Hija au Umra asipange sindano hizi karibu na safari yake ya ndege.

DALILI ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

Kwenye mguu: mguu mmoja kuvimba kuliko mwingine, kigimbi au paja kuuma, ngozi kuwa ya moto au kubadilika rangi.

Kwenye kifua: kukosa pumzi ghafla, kifua kuchoma unapovuta hewa, kukohoa damu, moyo kwenda mbio, kuzirai.

Dalili za kifua ni za dharura. Usisubiri asubuhi wala siku ya kliniki. Nenda hospitali kubwa iliyo karibu, kama Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na mweleze mhudumu kwa maneno wazi: "Nilidungwa sindano ya kuziba mishipa tarehe fulani." Neno hilo moja linaweza kumfungulia njia ya kukutibu haraka.

Mguu uliovimba ghafla usikandwe, usichuliwe kwa mafuta wala kufungwa kamba. Kuchua kunaweza kulisogeza bonge. Wanaofanya hijama nao tunawanasihi: usipige chuku juu ya mshipa uliovimba, wala kwa mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Hijama ni katika mafunzo ya Mtume (S.A.W), lakini kila tiba ina mahali pake.

AROBAINI YA MZAZI

Hata mama ambaye hajawahi kudungwa sindano hizi anahusika na somo hili. Wiki sita za mwanzo baada ya kujifungua ndizo zenye hatari kubwa ya damu kuganda, na huo ndio muda wetu wa arobaini. Desturi ya kumtunza mzazi ni njema, na wakwe na mama zetu wana ujira kwa Allah (S.W). Lakini kumtunza kusiwe kumlaza. Mzazi, hasa aliyepasuliwa, atembee ndani na uani, anywe maji ya kutosha, na mguu ukivimba upande mmoja apelekwe hospitali badala ya kukandwa maji ya moto.

DAWA NA MASUALA YA DINI

Aliyeganda damu hupewa dawa kwa miezi mitatu au zaidi. Mara nyingi huanza na sindano za heparini au enoksaparini. Waislamu wanauliza, na ni haki yao: dawa hizi zinatokana na utumbo wa nguruwe. Baraza la Fiqhi la Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu, katika kikao chake cha Makka mwaka 2003, liliruhusu heparini ya aina hiyo pale ambapo mbadala wa halali unaotosheleza haupo. Basi muulize daktari kuhusu mbadala, kwani vipo vidonge vya rivaroksabani na sindano ya fondaparinuksi ambavyo havitokani na mnyama. Visipopatikana au visipokufaa, usikatae tiba ukarudi nyumbani. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya sheria yetu.

Vidonge vya warfarini humezwa mara moja kwa siku, hivyo katika Ramadhani vinaweza kumezwa usiku kwa makubaliano na daktari. Visichanganywe na aspirini wala mitishamba bila kumuuliza, na damu ipimwe kwa tarehe zilizopangwa. Mwenye mimba asivitumie bila idhini ya daktari.

Kuhusu wudhu, soksi ikiruhusiwa kuvuliwa, vua uoshe mguu na uivae tena. Bendeji isiporuhusiwa kufunguliwa, hukumu yake ni ya jabira. Katika madhehebu ya Imamu Shafii huoshwa sehemu iliyo wazi, hupakwa maji juu ya bendeji, na hutayamamu. Undani wake muulize sheikh wako, lakini usiifungue kabla ya wakati.

Na dada zetu wanaoficha mguu mgonjwa kwa haya, sitara ni jambo la kusifiwa, lakini kumwonyesha mhudumu sehemu yenye maradhi kwa kiasi cha haja kunaruhusiwa. Omba mhudumu wa kike. Asipokuwapo, ingia na maharimu wako.

KWA MUHTASARI

Mishipa ikiwa haikuumizi, anza na yaliyo rahisi: tembea, punguza kusimama mahali pamoja, inua miguu juu ya mto jioni, vaa soksi za kubana. Ukiamua kudungwa, pimwa kwanza, sema historia yako yote, tembea baada ya sindano, na uzijue dalili za mguu na za kifua. Mfundishe na mtu mmoja wa nyumbani kwako, kwani mgonjwa aliyekosa pumzi hawezi kujieleza.

Mtume (S.A.W) ametufundisha kujitibu na kumtegemea Allah (S.W), yote mawili pamoja. Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu.

Wabillahi tawfiq.