Huo Mkono Begani

*Shangazi, ndugu yangu mdogo anaishi London na mwanamume mwenzake, walioana huko. Wanakuja Nairobi Desemba. Binti yangu, miaka 9, anajua huyo mwingine ni "rafiki wa mjomba". Picha ya harusi yao nimeikunja katikati ili mjomba aonekane peke yake. Majuzi binti akaniuliza: huo mkono begani mwa mjomba ni wa nani? Nikamkanya asimtajie nyanya yake. Je, si mapema mno? Nianze na katuni?*
*Mama Msichana, Buruburu*

Mwanangu, uliikunja picha, mkono ukabaki. Binti yako ameshajua kuna mtu nyuma ya mkunjo. Asichojua ni kwa nini mama yake anamficha, na mtoto akinyimwa sababu hujitungia yake: labda ni mwizi, labda mjomba ana ugonjwa.

Katuni zipo. Kuna hata kitabu cha mwaka 2005 kuhusu pengwini wawili madume wa New York waliolea kifaranga. Msomee ukipenda, lakini yeye ana mjomba wa damu; aanze na huyo.

Neno "rafiki" liache. Wanuri Kahiu aliiita filamu yake *Rafiki* kwa sababu ndilo neno wanalojifichia wapenzi wa namna hii hapa kwetu. Ilipigwa marufuku mwaka 2018, kisha mahakama ikairuhusu kwa siku 7 tu. Filamu hiyo si ya umri wake. Mwambie tu, mkiosha vyombo: "Mjomba na mwenzake wanapendana, wameoana. Kule sheria inakubali tangu 2014, huku haikubali." Huenda akauliza nani hupika. Mjibu.

Linaloniuma ni kule kumkanya. "Usimwambie mtu" ndiyo kauli anayoitumia mtu mzima anayemchezea mtoto vibaya. Ukimzoesha binti yako kwamba anayekupenda anaweza kukuamuru unyamaze bila sababu, siku atakapodhurika atanyamaza, na atakuwa anakutii wewe. Ndiyo, hofu yako si ya bure: vifungu 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyoharamisha ngono ya mwanamume na mwanamume, bado vipo, Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta Mei 2019. Basi mpe sababu hiyo hiyo. Mwambie wapo watu wanaoweza kumdhuru mjomba, kwa hiyo habari zake hazipelekwi shuleni, ila kwako wewe anaweza kuuliza lolote, saa yoyote. Mtoto wa miaka 9 anaelewa kumlinda mtu. Wewe ulikuwa unamfundisha kumwonea mtu haya.

Na nyanya? Mpigie ndugu yako wiki hii, muulize: mama yenu anajua nini, na yeye ndugu yako angependa mama aambiwe nini, na nani? Hayo mtayabeba ninyi watu wazima. Mtoto muondoeni hapo.

Kisha ichukue ile picha, muikunjue pamoja. Alama ya mkunjo haitafutika. Akiuliza nani aliikunja, mwambie ni wewe.