Dondoo muhimu: Mwenye genge, tenga mtaji na faida
Hesabu ifanyike kila jioni kabla hujafunga. Tenga la nyanya limekugharimu shilingi 22,000, bodaboda 2,000, umeuza 30,000: chako ni 6,000 tu. Hiyo ndiyo ya unga na ada ya mtoto. Iliyobaki ni ya kurudi sokoni alfajiri. Andika daftarini hata nyanya ulizochukua kupikia nyumbani, maana hapo ndipo mitaji mingi huishia.

Mkopo wa simu upigie hesabu ya mwaka mzima. Ukikopa 10,000 kila mwezi kwa ada ya asilimia 7.5, umelipa 9,000 za ada peke yake! Afadhali kikoba cha majirani mnaoaminiana, ununue hisa kila wiki, hata moja.